Kuondoa glioma kwa mwanga wa bluu: matumizi ya 5-ALA kuanzia dozi hadi wodini

Glioma ya daraja la juu, yaani saratani kali inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe, haina mpaka. Katikati ina nyama iliyokufa, kuizunguka kuna seli zilizosongamana, na nje ya hapo seli za saratani hutawanyika ndani ya ubongo wenye uzima kama chumvi iliyomwagika mchangani. Chini ya mwanga mweupe wa hadubini, ukingo huo na ubongo wa kawaida hufanana kiasi kwamba mpasuaji hubaki akitegemea ulaini wa nyama na vivuli vya kijivu. Asidi 5-aminolevuliniki, kwa kifupi 5-ALA, huipa tishu hiyo rangi: mgonjwa anaimeza asubuhi, na uvimbe unawaka mwekundu mbele ya mwanga wa bluu.

Mwongozo huu ni wa timu nzima, si wa mpasuaji peke yake. Mng'aro ukikosekana, mara nyingi chanzo ni saa iliyokosewa wodini, dozi iliyopimwa vibaya au taa iliyochoka, na hakuna ustadi wa mkono utakaoyarekebisha hayo fuvu likishafunguliwa.

Kwa nini uvimbe unawaka

5-ALA yenyewe haing'ai. Ni malighafi ambayo kila seli ya mwili huitumia kutengeneza hemu, kile kiini chenye madini ya chuma ndani ya hemoglobini. Molekuli nane za 5-ALA huunganishwa hatua kwa hatua hadi kupatikana protoporfirini IX, kisha kimeng'enya cha ferokelatesi huipachika chuma na hemu inakamilika. Seli za glioma ya daraja la juu huingiza 5-ALA nyingi, kwa kuwa kizuizi kati ya damu na ubongo kimevunjika hapo, lakini hatua ile ya mwisho zinaifanya kwa uvivu. Protoporfirini IX inarundikana. Ukiimulika kwa mwanga wa takriban nanomita 405 inarudisha mwanga mwekundu, kilele chake kikiwa karibu na nanomita 635.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, mng'aro unatokana na kazi ya seli, kwa hiyo unahitaji saa kadhaa kujengeka na hauwezi kuharakishwa. Pili, nyekundu ni ushahidi kwamba protoporfirini ipo. Kukosekana kwa nyekundu si ushahidi kwamba uvimbe haupo. Makosa makubwa katika upasuaji huu hutokana na kusahau hilo la pili.

Faida yake ilipimwa katika jaribio la Ujerumani lililoongozwa na Walter Stummer, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Sehemu ya uvimbe inayoonekana kwenye MRI kwa dawa ya kontrasti iliondolewa yote kwa asilimia 65 ya wagonjwa waliotumia 5-ALA, dhidi ya asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa mwanga mweupe tu. Baada ya miezi 6, asilimia 41 walikuwa bado hawajaona ugonjwa ukisonga mbele, dhidi ya asilimia 21.1. Jumla ya muda wa kuishi haikuonyesha tofauti ya wazi, nayo familia iambiwe hivyo bila kupambwa. Ulaya iliidhinisha dawa hii mwaka 2007 kwa jina la Gliolan. Marekani iliifuata mwaka 2017, kwa jina la Gleolan.

Nani asipewe

Mwenye porfiria ya aina yoyote (ugonjwa wa mwili kushindwa kutengeneza hemu vizuri), mjamzito, na mwenye mzio wa porfirini hawapewi kabisa. Anayenyonyesha asitishe kunyonyesha kwa saa 24. Ini na figo zipimwe kabla, kwa sababu vimeng'enya vya ini na bilirubini vinaweza kupanda baada ya dozi, nawe utataka kujua vilianzia wapi. Mgonjwa wa moyo anahitaji uangalifu, maana dawa inaweza kushusha shinikizo la damu.

Kisha pitia orodha ya dawa zake moja moja. Zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua na mwanga zisitumike ndani ya saa 24 kabla na saa 24 baada ya 5-ALA, na katika hospitali zetu dawa hizo ni za kila siku: doxycycline, ciprofloxacin, na zile zenye salfa. Mgonjwa anayeishi na VVU na anatumia Septrin ya kinga huenda asiitaje kama "dawa", kwa kuwa ameizoea miaka mingi. Muulize kwa jina, halafu daktari anayemhudumia ndiye aamue kama inasitishwa na kwa siku ngapi. Ulizia pia anayetumia doxycycline kujikinga na malaria. Dawa zenye kuumiza ini nazo ziepukwe kwa saa 24 baada ya dozi.

Jambo moja zaidi la kuangalia kitandani. Mgonjwa aliyekuja na udhaifu wa mkono, shida ya kuona au kushindwa kuzungumza, na hali hiyo haikupata nafuu kwa deksamethasoni (steroidi ya kupunguza maji yanayovimbisha ubongo), ana hatari kubwa zaidi ya kuamka akiwa amezidiwa. Dalili isiyotulia kwa steroidi ina maana kwamba uvimbe umeshika njia zenyewe za neva, haukuzibana tu kwa maji. Kwa mgonjwa wa namna hii, nyekundu utakayoiona karibu na njia hizo si ruhusa ya kukata. Katika jaribio la Ujerumani wagonjwa walianzishiwa deksamethasoni miligramu 4 mara tatu kwa siku, angalau siku mbili kabla ya upasuaji.

Dozi

Kiwango ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Chupa moja ina gramu 1.5 za unga, huyeyushwa kwa mililita 50 za maji ya kunywa, na kila mililita inabeba miligramu 30. Njia rahisi ya hesabu: zidisha kilo kwa 2, gawa kwa 3, upate mililita.

Mgonjwa wa kilo 62 anahitaji miligramu 1,240, sawa na mililita 41.3. Wa kilo 75 anamaliza chupa nzima. Wa kilo 90 anahitaji mililita 60, yaani chupa ya pili ifunguliwe kwa ajili ya mililita 10 tu. Inauma kwa bei ya dawa hii, lakini kumpa chupa moja "inatosha" ni kumpunguzia dozi kwa asilimia 17, na ukingo wenye mng'aro hafifu ndio utakaopotea kwanza.

Mpime mgonjwa kwenye mizani. Uzito wa kuuliziwa, au ulionakiliwa kutoka faili la miezi mitatu iliyopita, haufai: wagonjwa hawa hukonda kwa ugonjwa na hunenepa kwa steroidi.

Mmumunyo wa dawa uwe angavu, usio na rangi au wenye unjano kidogo sana. Hudumu saa 24 katika nyuzi 25. Usiuchanganye na juisi wala chai. Ni wa kunywa tu, kwa hiyo utumie bomba la sindano la kupimia dawa za kunywa, lisiloingia kwenye kanula. Muuguzi asimame hapo mpaka kikombe kimekauka, kisha asuuze kikombe kwa maji kidogo mgonjwa anywe na hayo.

Saa

Dawa inywewe saa 3 kabla ya kulazwa usingizi. Kati ya saa 2 na 4 inakubalika. Mng'aro hufika kilele takriban saa 6 hadi 8 baada ya kunywa. Kwa mfano, ukinywesha 05:00, usingizi ukaanza 08:00 na fuvu likafunguliwa kama 09:30, basi kazi ya ukingoni itaangukia kati ya 11:00 na 13:00. Hapo ndipo unapotaka kuwa.

Andika muda kwa mtindo wa saa 24. "Mpe dawa saa 5" kwa mmoja ni alfajiri na kwa mwingine ni karibu adhuhuri, na oda ya namna hiyo ikipita mikono mitatu kati ya kliniki, wodi na chumba cha upasuaji haifiki salama. Andika 05:00 kwenye chati ya dawa, na saa halisi aliyokunywa iandikwe kwenye ubao wa chumba cha upasuaji ionekane na kila mtu.

Kuna hatari mbili za kalenda. Mgonjwa wa 5-ALA awe wa kwanza kwenye orodha ya siku. Akiwa wa pili, upasuaji wa kwanza ukirefuka, dawa itakuwa imeshanywewa na hairudi chupani. Na ikitokea umeme, damu au kitanda cha uangalizi maalumu vimekwamisha kazi kwa zaidi ya saa 12, upasuaji usogezwe hadi kesho yake au baadaye, na dozi mpya itolewe saa 2 hadi 4 kabla ya usingizi. Kwa hiyo thibitisha kitanda na damu kabla ya kunywesha.

Mgonjwa akitapika, andika dakika alizokaa na dawa tumboni na umjulishe mpasuaji na daktari wa usingizi papo hapo. Usirudie dozi kwa kukisia kilichotoka.

Baada ya kunywa, mgonjwa ni mtu wa kivulini. Pazia lifungwe, taa ya kitandani izimwe, na machela isipitishwe juani. Kwenye chumba cha upasuaji taa kubwa zisielekezwe kwenye ngozi iliyo wazi, macho yafunikwe.

Kukagua hadubini siku moja kabla

Unahitaji hadubini yenye moduli ya bluu: kichujio cha kumulika kinachopitisha takriban nanomita 375 hadi 440, na kichujio cha kutazamia kinachozuia sehemu kubwa ya bluu hiyo na kuacha kidogo tu ipite, ili ubongo wa kawaida uonekane wa bluu badala ya kuwa giza. Kwa Zeiss moduli hiyo inaitwa BLUE 400. Kuna pia miwani ya kukuzia yenye taa ya bluu kwa wasio na hadubini ya namna hiyo.

Soma saa za taa. Taa nyingi za zenoni za hadubini zina kikomo cha takriban saa 500, na bluu hufifia kabla macho hayajagundua upungufu kwenye mwanga mweupe. Taa inayokaribia kikomo ibadilishwe kabla ya mgonjwa huyu, si baada yake.

Sasa jaribio lisilogharimu kitu. Ganda la yai la kahawia limepakwa protoporfirini IX ile ile na kuku aliyelitaga. Chukua yai bichi la ganda la kahawia lililokolea, ambalo halikuanikwa juani, liweke chini ya hadubini chumba kikiwa giza, washa bluu. Linapaswa kuwaka mwekundu. Yai jeupe halitawaka hivyo, na linafaa kwa kulinganisha. Likibaki la kahawia iliyofubaa, kasoro ni ya taa au kichujio, na umeijua ukiwa bado na siku nzima ya kumtafuta fundi. Jaribio hili lifanyike nje ya eneo safi, na hadubini ifutwe baadaye. Usijaribu kwa tone la 5-ALA iliyobaki kwenye kikombe: haitang'aa, na utaishtaki hadubini bure.

Rekebisha kamera pia. Picha ya kwenye skrini mara nyingi huionyesha waridi hafifu kama bluu tupu, kwa hiyo maamuzi ya ukingoni yafanywe kwa lenzi za macho. Skrini ni ya wanafunzi na kumbukumbu.

Mezani

Fungua fuvu na utando wa dura kama kawaida. Sehemu kubwa ya uvimbe iondolewe kwa mwanga mweupe: unaona damu vizuri, unaona mishipa, na katikati ya uvimbe huhitaji kuambiwa kitu. Washa bluu mara ya kwanza baada ya kupunguza kiini, halafu uwe unapishanisha.

Kabla ya kila mara ya kuwasha bluu fanya haya: zima taa za juu na taa za kichwani, geuza skrini zenye mwanga mkali, zuia damu, suuza tundu kwa maji ya chumvi, fyonza. Kisha sogeza hadubini karibu na upunguze ukuzaji. Mng'aro hupungua kadiri lenzi inavyokuwa mbali na ukuzaji unavyokuwa mkubwa. Mpasuaji anayewasha bluu akiwa bado kwenye ukuzaji wa kuunganishia mishipa, kutoka mbali, ataona giza na kudhani amemaliza.

Mwanga wa bluu hupenya kwa kina kidogo sana. Utando mwembamba wa damu, mfano wa rangi iliyopakwa kwa brashi mara moja, unatosha kuficha nyekundu yote iliyo chini yake. Pamba iliyosahaulika hufanya vivyo hivyo. Ubongo uliolalia tundu ndio mwongo mkubwa kuliko wote: kuta za tundu zinapoporomoka kidogo, sehemu iliyo chini ya ukingo haipati mwanga kabisa. Inua ukuta kwa upole kwa koleo, inamisha hadubini ili mwanga uanguke wima juu ya kila ukuta, na zunguka tundu lote kwa mpangilio mmoja, mbele, nyuma, pande mbili, sakafu, kila mara kwa mfuatano ule ule.

Utaona sura tatu. Nyekundu nzito, kama kaa la moto, ni uvimbe wenye seli nyingi, na hukosea mara chache sana. Waridi hafifu ni eneo ambalo seli za saratani zimejipenyeza kati ya seli za ubongo, nalo mara nyingi huvuka mpaka ulioonyeshwa na kontrasti ya MRI. Bluu ni tishu isiyong'aa, na neno hilo limechaguliwa kwa makusudi badala ya "tishu nzima". Katikati ya uvimbe, nyama iliyokufa pia haing'ai, kwa sababu seli zilizokufa hazitengenezi kitu. Usikutane na bluu hiyo ukadhani umefika upande wa pili.

Nyekundu nzito iondolewe mradi haiko juu ya njia muhimu. Waridi ndiyo yenye mjadala. Ikiwa iko kwenye ncha ya mbele ya ubongo upande usio wa lugha, endelea. Ikiwa iko karibu na eneo la kuamsha misuli au la kuzungumza, kipimo chako si rangi tena. Ni kichocheo cha umeme cha kupima njia za neva, au mgonjwa mwenyewe akiwa macho anazungumza. Rangi inajua seli zilipo, haijui kazi ya mahali hapo. Acha umbali wa usalama, andika kwenye ripoti kwamba waridi imebaki na mahali ilipobaki.

Usifanye kazi muda mrefu mfululizo chini ya bluu. Damu huonekana nyeusi na mshipa unaovuja unaweza kukuponyoka, na pia mng'aro wenyewe huungua. Katika vipimo vilivyochapishwa na timu ya Stummer mwaka 1998, mng'aro ulishuka hadi asilimia 36 baada ya dakika 25 za bluu, na baada ya dakika 87 za mwanga mweupe. Kwa bahati, kinachoungua ni uso uliomulikwa tu. Ukiondoa tabaka hilo, la chini yake linawaka upya. Lakini uso wa ukingo ulioachwa wazi chini ya mwanga mkali kwa saa moja na nusu unaweza kuonekana bluu kwa sababu ya mwanga, si kwa sababu ni mzima. Funika kwa pamba yenye unyevu sehemu usiyoifanyia kazi.

Pale rangi inapodanganya

Nyekundu isiyo saratani ipo. Tishu iliyoungua kwa mionzi, jipu na uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili vinaweza kung'aa, hivyo kwa mgonjwa aliyekwisha kupigwa mionzi na sasa anarudi mezani, waridi ina uzito mdogo zaidi kuliko mara ya kwanza. Ukuta wa ventrikali, chemba ya maji ndani ya ubongo, nao unaweza kung'aa bila kuwa na uvimbe; usiufungue kwa kufuata waridi tu. Uvimbe uliosafiri kutoka pafu au titi hung'aa kwa baadhi ya wagonjwa na kwa wengine hapana, kwa hiyo rangi peke yake haikutajii aina ya saratani. Nyuzi za pamba na shuka huonekana nyeupe-bluu kali na si kitu.

Upande wa pili, glioma nyingi za daraja la chini hazing'ai kabisa. Hapo 5-ALA ina kazi moja nzuri: kama kuna kidoa kinachong'aa ndani ya uvimbe uliodhaniwa wa daraja la chini, chukua sampuli hapo, maana huenda ndipo ulipogeuka kuwa mkali. Sampuli ikichukuliwa pengine, ripoti ya patholojia itatoka ya kutia moyo kuliko ugonjwa wenyewe.

Sampuli zitenganishwe kwenye vikopo tofauti, kila kimoja kikiandikwa rangi na mahali: "nyekundu, ukuta wa nyuma", "waridi, sakafu". Kikopo kimoja kilichochanganya vyote hakimfundishi mtu chochote. Katika biopsi ya sindano, imulike sampuli kwa bluu kabla ya kuipeleka maabara. Ikiwaka nyekundu nzito, kuna sababu nzuri ya kutochoma sindano mara nyingine.

Kama 5-ALA haipatikani: fluoresini

Fluoresini ya sodiamu, rangi ya njano inayochomwa mshipani, ni rafiki wa kliniki za macho, ambako hutumika kupiga picha za mishipa ya retina, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na 5-ALA. Si jambo jipya: George E. Moore aliitumia kutafuta uvimbe wa ubongo huko Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika nchi nyingi matumizi haya hayamo kwenye kibali cha dawa, kwa hiyo ridhaa ya mgonjwa iyataje.

Dozi inayotumika sana ni miligramu 3 hadi 5 kwa kilo, kwenye mshipa, mara mgonjwa akishalala na kabla ya kufungua fuvu. Kichupa cha asilimia 10 kina miligramu 100 kwa mililita. Mgonjwa wa kilo 60 kwa miligramu 5 anapata 300, yaani mililita 3. Adrenalini iwe imevutwa tayari, kwani mzio mkali hutokea mara chache lakini hutokea. Hadubini inahitaji kichujio chake, mfano YELLOW 560. Kichujio cha 5-ALA hakifai, na kinyume chake vilevile.

Tofauti kubwa ni maana ya rangi. Fluoresini haiingii kwenye kazi ya seli yoyote. Inavuja kutoka kwenye damu pale kizuizi kilipovunjika na kubaki hapo. Njano ina maana ya "hapa panavuja", na mkato wa kisu chako nao unavuja. Ndiyo maana kuichoma katikati ya upasuaji ni kosa: kuta za tundu zitageuka njano zote, uvimbe na uzima pamoja, nawe utakuwa umejitia upofu. Dura hupata njano bila kuwa na ugonjwa. Faida yake ni kwamba unaweza kufanya kazi ndefu chini ya kichujio hicho ukiwa unaiona damu na ubongo kwa rangi zinazokaribia za kawaida. Mwambie mgonjwa mapema kwamba ngozi itakuwa ya manjano kwa saa kadhaa na mkojo utabadilika rangi kwa siku nzima, au familia itadhani ini limeharibika. Maabara nayo ijue, kwa kuwa vipimo vinavyosoma rangi vinaweza kupotoka.

Kwa saratani za nje ya ubongo kuna rangi zilizotengenezwa kushika seli zenyewe. Pafolasianini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa saratani ya ovari na 2022 kwa uvimbe wa pafu, hushika vipokezi vya foleti, kwa hiyo vidonge vya foliki asidi visimamishwe saa 48 kabla; vikiendelea vitagombea nafasi ile ile na mng'aro utafifia. Dozi ni miligramu 0.025 kwa kilo, kwa dripu ya saa nzima. Mwanga wake hauonekani kwa jicho, unahitaji kamera ya infraredi.

Wodini

Makabidhiano ya muuguzi kwa muuguzi yawe na saa aliyokunywa na saa ambayo kizuizi cha mwanga kinaisha. Maelekezo ya Ulaya ni saa 24, ya Marekani ni 48. Katika nchi zenye jua kama letu, shika 48. Bandika karatasi kitandani, chagua kitanda kisicho cha dirishani, punguza taa za kuchunguzia, na tochi ya mboni itumike kwa muda mfupi inapohitajika. Uchunguzi wa neva haukatizwi kwa sababu ya dawa. Mafuta ya kukinga jua hayasaidii, kwa sababu yanazuia zaidi urujuanimno, na porfirini huamshwa na mwanga unaoonekana. Nguo, shuka na kivuli ndiyo kinga.

Fuatilia shinikizo la damu na kichefuchefu siku ya kwanza. Rudia vipimo vya ini, kwa kuwa kilele cha kupanda kinaweza kuchelewa hadi wiki ya pili, mgonjwa akiwa ameshaenda nyumbani. Mpe tarehe ya kurudi kupimwa.

MRI ya kuhakiki kilichobaki ipigwe ndani ya saa 72, na ikiwezekana 48. Baada ya hapo, kovu changa hushika kontrasti na kufanana na uvimbe. Msomaji wa picha apewe ripoti ya upasuaji yenye mahali waridi ilipoachwa, ili alinganishe ukuta kwa ukuta.